Zawadi ya Kanisa Ndani ya Wosia: Inavyoonekana Kutoka Meza ya Wadhamini

Wosia unaolitaja kanisa huwafikia wadhamini wakati hauwezi tena kurekebishwa. Aliyeuandika hayupo wa kuulizwa alimaanisha nini, msimamizi wa mirathi anataka kufunga hesabu, na watoto wa marehemu wanangoja kusikia kanisa litasemaje. Kilichopo mezani ni karatasi na maneno yaliyomo. Tuliokaa upande huo wa meza tumejifunza kwamba nia ya mtoaji ni nadra kubishaniwa. Kinachobishaniwa ni sentensi moja au mbili ambazo zingenyooshwa kwa dakika chache mtu akiwa hai.

Sentensi ya kwanza kuleta shida ni ile yenye jina. Watu huandika "kwa kanisa langu" au jina ambalo kila mtu mtaani analitumia. Kanisa analolijua muumini ni jengo, kwaya, mchungaji na benchi analokalia. Kanisa linalotambuliwa na sheria ni chombo kilichosajiliwa, kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mara nyingi usharika au parokia haina usajili wake yenyewe. Mali yote imeandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini ya dayosisi, jimbo au makao makuu. Ukiandika jina la mtaani, makanisa mawili yanaweza kujitokeza kila moja likidai ndilo lililokusudiwa. Ukiandika jina la bodi peke yake, fedha zinaweza kuishia kwenye mfuko mkuu, na usharika uliokulea usione hata senti. Kwa hiyo mambo yanayotakiwa ni mawili: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha usajili pamoja na namba yake, halafu mstari unaosema zawadi hiyo itumike wapi. Katibu wa kanisa anaweza kukupa hayo kwa barua bila kukuuliza unataka kutoa kiasi gani.

Usiandike jina la mchungaji. Mtu anayeandika "namwachia Mchungaji Fulani kwa kazi ya Bwana" anafungua mlango wa ubishi kama hiyo ni zawadi ya kanisa au ya mchungaji binafsi. Mchungaji huhamishwa, hustaafu na hufa, naye pia ana warithi. Andika chombo, na ukitaka kutaja cheo, taja "mchungaji kiongozi wa wakati huo".

Baada ya jina kuna suala la kiasi, na hapa ndipo tunapoona hasara kubwa isiyotegemewa. Wengi hutaja kiasi maalumu kwa sababu kinaeleweka haraka. Wanachosahau ni mpangilio wa malipo. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, gharama za mazishi, madeni na gharama za mirathi hulipwa kwanza, na huanza kula masalio, yaani kile kinachobaki baada ya zawadi zilizotajwa kutolewa. Masalio yakiisha, ndipo viwango vya fedha vilivyotajwa hupunguzwa kwa uwiano. Vitu mahususi, kama gari fulani au kiwanja fulani, huguswa mwisho.

Chukua mali yenye thamani ya sehemu 100. Mwosia anaandika kwamba kanisa lipewe sehemu 20 na masalio yaende kwa mke na watoto. Siku anapoandika, hesabu inapendeza: kanisa 20, familia 80. Kisha anaugua muda mrefu, biashara inayumba, madeni yanajaa, na anapofariki zimebaki sehemu 30. Kanisa bado linachukua 20 zake, familia inapata 10. Hakuna aliyevunja sheria, lakini matokeo ni kinyume kabisa cha alichotaka. Kama angeandika asilimia 20 ya masalio, kanisa lingepata 6 na familia 24. Ugeuze upande wa pili: mali ikipanda hadi sehemu 400, kiasi maalumu kinabaki 20 vilevile, na miaka ikipita mfumuko wa bei unakitafuna zaidi. Asilimia hupanda na kushuka pamoja na mali. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, asilimia ya masalio iwe kanuni na kiasi maalumu kiwe cha nadra. Anayeng'ang'ania kiasi maalumu aweke kikomo: "kiasi hicho, au asilimia 10 ya mali yote baada ya madeni, chochote kitakachokuwa kidogo."

Sentensi nzima inayoweza kusimama bila kuhitaji mkalimani inaonekana hivi: "Baada ya kulipwa gharama za mazishi yangu, madeni, kodi na gharama za mirathi, natoa asilimia kumi ya masalio ya mali yangu kwa Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa ya (jina kamili, namba ya usajili), kwa ajili ya kazi za kanisa katika usharika wa (jina). Risiti iliyosainiwa na mhazini wa wakati huo itatosha kumwondolea msimamizi wangu wajibu wa malipo hayo. Iwapo chombo hicho kitakuwa kimebadili jina, kimeungana na kingine au hakipo tena, zawadi iende kwa chombo kilichorithi kazi zake, na kama hakuna, kwa chombo cha kidini chenye malengo ya karibu zaidi kitakachochaguliwa na msimamizi wangu." Mstari wa risiti huonekana mdogo, ila bila huo msimamizi mwangalifu anaweza kukataa kulipa mpaka apate saini za wadhamini wote, wengine wakiwa safarini au wamefariki.

Kuhusu hilo la kuungana na kugawanyika, historia ina mfano mkali. Mwaka 1900 sehemu kubwa ya Kanisa Huru la Scotland iliungana na kanisa jingine, na kikundi kidogo kikakataa. Mwaka 1904 Baraza la Malwadi la Uingereza, likiwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba mali ni ya wale wachache, kwa hoja kwamba walio wengi walikuwa wameacha misingi ambayo mali hiyo iliwekewa. Kikundi kile hakikuwa na watu wa kutosha kuendesha majengo yote yale, na mwaka uliofuata Bunge lililazimika kutunga sheria ya kugawa mali upya. Mwosia anayeogopa mgawanyiko katika kanisa lake aandike wazi kama anakusudia chombo kilichosajiliwa, bila kujali nani amebaki ndani yake, au waumini wanaoabudu mahali fulani. Mambo hayo mawili yanaweza kutengana.

Ardhi ina matatizo yake. Kiwanja ndicho zawadi inayotangazwa kwa shangwe kubwa, na ndicho kinachochelewa kuliko zote. La kwanza la kuangalia ni hati. Ikiwa bado ina jina la baba au babu wa mwosia, hana cha kutoa. Mirathi ya huyo wa kwanza inapaswa kumalizwa kabla. La pili ni mwenzi wa ndoa: katika nchi nyingi nyumba ya familia ina haki za mume au mke hata kama jina lake halimo kwenye hati, na wosia hauwezi kutoa kisicho cha mwosia. La tatu ni watu waliomo. Ndugu aliyejenga kibanda pembeni kwa ruhusa ya mdomo hataondoka kwa sababu wadhamini wamefika na nakala ya wosia, na kanisa linalomfikisha mahakamani linapoteza zaidi ya kiwanja. Kuna pia kodi za ardhi zilizolimbikizwa, mkopo wa benki uliowekewa kiwanja hicho dhamana (mara nyingi deni hufuata kiwanja chenyewe), mipaka isiyopimwa, na njia ya kuingilia inayopita shamba la jirani.

Zaidi ya hayo, zawadi ya kitu mahususi hufa kitu hicho kikiuzwa. Mwosia akiuza kiwanja miaka 2 kabla ya kufariki, katika mifumo mingi kanisa halipati kiwanja wala fedha zilizotokana nacho, hata kama fedha hizo bado ziko benki. Kwa hiyo tunapoulizwa, jibu ni lilelile: mwelekeze msimamizi auze ardhi na kutoa sehemu ya mapato, au lipe kanisa hiari ya kuchukua ardhi yenyewe au thamani yake. Sema pia nani analipa gharama za upimaji na uhamisho. Bila maelekezo, warithi watadai zitoke kwa kanisa na kanisa litadai zitoke kwenye masalio.

Masharti nayo. Kila mtoaji ana picha kichwani: paa jipya, kisima, ada za watoto wa kwaya. Wosia hufunguliwa miaka 15 baadaye, paa limeshaezekwa na kwaya imebadilika. Fedha zilizofungwa kwa kazi isiyokuwepo haziwezi kutumiwa kwa kazi nyingine kwa uamuzi wa kikao tu. Mahakama katika nchi zenye sheria za udhamini za asili ya Kiingereza zinaweza kuelekeza fedha kwenye lengo la karibu, lakini safari hiyo ina gharama, na kwa zawadi ndogo gharama hula zawadi. Njia rahisi ni kuandika lengo pana, halafu ufuatishe tamanio lako bila kulifanya sharti: "kwa kazi za kanisa, na ni matakwa yangu, bila kuwafunga wadhamini, kwamba elimu ya watoto ipewe kipaumbele." Wadhamini waungwana huheshimu tamanio kama hilo. Wasio waungwana wasingezuiwa na sharti pia, pengine.

Anayetaka mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake haushikwi na faida tu ndiyo inayotumika, apige hesabu kwanza. Mtaji mdogo huzaa faida ndogo, na ada za benki na ukaguzi zinaweza kuimaliza. Ongeza ruhusa ya kuunganisha mfuko huo na mingine inayofanana, na ruhusa ya kutumia mtaji iwapo faida haitoshi kazi yoyote ya maana. Maneno "kisiuzwe milele" yaepukwe. Yamewaacha wadhamini wengi na majengo wasiyoweza kuyatengeneza wala kuyauza.

Sasa lile ambalo makanisa hayapendi kuambiwa. Shuku juu ya watumishi wa Mungu na wosia wa waumini ina umri mrefu. Kaisari Konstantino wa Roma aliruhusu mwaka 321 watu kuliachia kanisa mali kwa wosia. Chini ya miaka 50 baadaye, mwaka 370, Kaisari Valentiniano wa Kwanza alipeleka Roma amri iliyowakataza makasisi kuzitembelea nyumba za wajane na kupokea zawadi au urithi kutoka kwao. Mwaka 1887 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya mwanamke aliyetoa mali yake kwa jumuiya ya masista aliyojiunga nayo, ilieleza kwamba anayepokea zawadi kubwa kutoka kwa mtu aliye chini ya uongozi wake wa kiroho anadhaniwa kuwa alimshawishi isivyofaa, mpaka aonyeshe vinginevyo. Mwanamke yule hakurudishiwa mali kwa sababu alichelewa mno kuidai, lakini kanuni ilibaki. Kesi hiyo ilihusu zawadi iliyotolewa akiwa hai; kwa wosia, mpinzani hutakiwa kuthibitisha shinikizo. Hata hivyo majaji huangalia kwa jicho kali wosia ulioandaliwa na yule atakayenufaika nao.

Kwa hiyo mchungaji asiandike wosia, asichague wakili, asimlipe, asimpeleke mwosia kwa gari lake, wala asikae chumbani wakati wa kusaini. Kazi yake ni kuomba, kutoa barua yenye jina la usajili, na kuondoka. Asiwe shahidi pia. Chini ya sheria ya wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, shahidi au mwenzi wake akiachiwa kitu, wosia unasimama lakini zawadi yake inabatilika, na nchi kadhaa zina kanuni ya aina hiyo. Kanisa likiwa chombo tofauti na mchungaji, huenda zawadi ikapona, ila mashahidi wawili wasiohusika na kanisa wala familia hawana gharama, na hakuna sababu ya kubahatisha. Kumfanya mhazini wa kanisa kuwa msimamizi pekee ni kosa la namna hiyohiyo. Weka wawili, mmoja kutoka kwenye familia na mwingine asiye na masilahi.

Wosia wa kitandani ndio unaopingwa zaidi. Mtu aliye mgonjwa sana bado ana haki ya kuandika wosia, ila daktari aandike siku hiyohiyo kwamba anajua mali yake, anawajua wanaomtegemea na anaelewa anachofanya. Wosia wa mdomo ni dhaifu zaidi. Kenya, kwa mfano, huutambua ukitolewa mbele ya mashahidi wawili, na mtu akiendelea kuishi zaidi ya miezi 3 baada ya kuutoa, haufai tena.

Familia ije kabla ya asilimia. Agostino, askofu wa Hippo, alikataa urithi ambao padri wake mmoja aliliachia kanisa huku akiwanyima watoto wake, na akawaambia waumini kwamba anayetaka kumnyima mwanawe ili kanisa lirithi atafute mtu mwingine wa kuupokea. Sheria nyingi zimefika mahali palepale kwa njia nyingine. Ufaransa mwenye mtoto mmoja anaweza kugawa kwa hiari nusu tu ya mali yake, mwenye wawili theluthi, mwenye watatu au zaidi robo. Kinachobaki ni cha watoto. Kenya na Uingereza humwachia mtu uhuru zaidi, lakini wategemezi wasioachiwa cha kutosha wanaweza kwenda mahakamani na zawadi ya kanisa ikapunguzwa. Tulichoona ni kwamba kiasi chenyewe si kinachowasha moto. Moto huwaka mjane anapoachwa bila makazi, au watoto wanaposikia habari hiyo mara ya kwanza baada ya mazishi. Waambie ungali hai. Kama mdomo ni mzito, andika barua ya kurasa moja au mbili ukieleza kwa nini, uiweke pamoja na wosia. Haina nguvu ya kisheria, lakini imezima kesi zaidi ya moja.

Si kila mali hupita kwenye wosia. Mafao ya uzeeni na bima ya maisha mara nyingi hulipwa kwa aliyetajwa kwenye fomu, hata wosia useme vingine. Akaunti ya pamoja kwa kawaida humwangukia mwenye akaunti aliyebaki. Mtu anaweza kuacha asilimia 10 ya masalio na masalio yenyewe yakawa samani tu. Upande mwingine, fomu hizo ni njia nyepesi ya kutoa: kanisa likitajwa kupokea sehemu ya bima, halihitaji kungoja mirathi. Kodi nayo iangaliwe. Uingereza, zawadi kwa kanisa linalotambuliwa kisheria kama chombo cha hisani haitozwi kodi ya urithi, na anayetoa angalau asilimia 10 ya sehemu inayotozwa hupunguziwa kiwango kwa kinachobaki, kutoka asilimia 40 hadi 36. Marekani, watoto wanaorithi akaunti ya kustaafu ya kawaida hulipa kodi ya mapato wanapotoa fedha, ilhali kanisa halilipi. Ndiyo maana wengi huko huliachia kanisa sehemu ya akaunti hiyo, na nyumba wakawapa watoto.

Karatasi yenyewe itunzwe. Nakala halisi moja, msimamizi akijua ilipo. Fotokopi kanisani haitoshi. Usitoe pini ili kuipiga kopi, kwa sababu matundu yasiyolingana huzua swali kama ukurasa umebadilishwa. Usifute wala kuandika pembeni kwa kalamu: mabadiliko madogo yafanywe kwa nyongeza iliyosainiwa mbele ya mashahidi kama wosia wenyewe, na makubwa yaandikiwe wosia mpya unaofuta wa zamani. Kuoa au kuolewa baada ya kuandika hufuta wosia katika nchi kadhaa, Kenya na Uingereza zikiwemo, isipokuwa uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo. Ufungue kila baada ya miaka 3 hadi 5, na kila anapozaliwa au kufariki mtu aliyetajwa ndani.

Kwa upande wa kanisa, zawadi iliyoandikwa kwenye wosia wa mtu aliye hai si fedha. Isiingizwe kwenye bajeti, isitangazwe madhabahuni, na mwosia asikumbushwe. Anaweza kuibadilisha kesho na hawajibiki kueleza. Baada ya kifo, wadhamini wamwandikie msimamizi barua moja yenye pole, jina la usajili na akaunti, waombe nakala ya kifungu kinachowahusu, kisha wangoje hesabu ya mirathi. Wakipenda kuiachia familia sehemu ya zawadi kwa huruma, waulize wakili kwanza, kwa kuwa mali ikishakuwa ya kanisa, katika baadhi ya nchi hawawezi kuitoa bila kibali. Wakiona kiwanja kina mgogoro, wana haki ya kukikataa, na uamuzi huo uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Fedha zikifika, risiti itolewe siku hiyo, zenye lengo maalumu zipate ukurasa wake kwenye daftari, na taarifa ya kwanza ya matumizi ipelekwe kwa msimamizi na kwa familia, hata kama hawakuiomba.